Itifaki za mitambo: Lugha ya viwanda iliyokulia Minneapolis

Mitambo ya kusafisha maji, mabwawa ya umeme na mabomba ya mafuta huendeshwa kwa mazungumzo ambayo binadamu hayasikii. Vipimio hutoa taarifa, vidhibiti hutoa amri, na vali hutii. Kanuni zinazotawala mazungumzo hayo huitwa itifaki za mawasiliano ya mitambo.

Moja kati ya itifaki zilizoenea zaidi duniani ilizaliwa katika viunga vya Minneapolis na Saint Paul, miji pacha ya jimbo la Minnesota nchini Marekani, ambayo leo ni makazi ya maelfu ya watu wenye asili ya Afrika Mashariki. Historia ya itifaki hiyo na jamaa zake inaeleza kwa nini viwanda vya dunia vinaweza kuendeshwa kutoka chumba kimoja, na pia kwa nini wanaovisimamia wameingiwa na hofu katika miaka ya karibuni.

Maana ya itifaki

Neno itifaki si geni kwa msomaji wa Kiswahili. Katika dhifa ya kitaifa, itifaki huamua nani aketi wapi na nani azungumze kwanza. Kwa mitambo, maana haitofautiani sana. Itifaki huamua nani aanze kuzungumza, kwa kasi gani, kwa mpangilio upi wa tarakimu, na msikilizaji afanye nini endapo ujumbe umefika ukiwa na kasoro.

Tofauti kubwa kati ya itifaki hizi na zile za intaneti ya kawaida ni matokeo yake. Barua pepe ikichelewa sekunde tano, hakuna anayeumia. Amri ya kufunga vali ya gesi ikichelewa kwa muda huo huo, kiwanda kinaweza kulipuka. Kwa sababu hiyo wahandisi wa mitambo walitanguliza mambo mawili: ujumbe ufike kwa wakati, na mtambo usisimame. Suala la nani ametuma ujumbe halikupewa uzito, kwa kuwa waya zilikuwa ndani ya ua wa kiwanda na mlangoni kulikuwa na mlinzi.

Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa zama zake. Ndio pia chanzo cha matatizo ya leo.

Baridi iliyozaa udhibiti

Katika majira ya baridi, joto la Minneapolis huweza kushuka hadi zaidi ya nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri. Katika karne ya 19, nyumba zilipashwa joto kwa matanuri ya makaa ya mawe, na mwenye nyumba alilazimika kushuka chini mara kwa mara kufungua au kufunga kilango cha hewa cha tanuri.

Mnamo mwaka 1885, Albert Butz, mhamiaji kutoka Uswisi, alibuni kifaa cha kuifanya kazi hiyo. Chumba kilipopoa, kipimio cha joto kilifunga mzunguko wa umeme, mota ikageuka na kukiinua kilango cha tanuri. Hewa iliingia na moto ukakolea. Chumba kilipopata joto la kutosha, kilango kilishushwa tena.

Ndani ya kifaa hicho kulikuwa na misingi yote ya mfumo wa udhibiti: kipimio, uamuzi na kitendo, vikiwa vimeunganishwa kwa waya. Ujumbe uliopita katika waya ulikuwa wa neno moja tu, ama washa au zima.

Kampuni iliyotokana na uvumbuzi huo ilibadilisha majina na wamiliki, na mwaka 1927 iliungana na kampuni ya Mark Honeywell ya jimbo la Indiana na kuwa Minneapolis-Honeywell. Makao yake makuu yalibaki Minneapolis hadi ilipoungana na AlliedSignal mwaka 1999. Mwaka 1975 Honeywell ilizindua TDC 2000, mmoja wa mifumo ya mwanzo iliyogawa kazi ya udhibiti kwa kompyuta ndogo nyingi zilizotawanywa kiwandani na kuunganishwa kwa njia moja ya mawasiliano, badala ya kuitegemea kompyuta moja kubwa.

Miliampea nne hadi ishirini

Kabla ya zama za kompyuta, viwanda vingi vilipeleka vipimo kwa hewa iliyoshindiliwa katika mirija myembamba. Baadaye umeme ulichukua nafasi ya hewa, na ukazuka utaratibu mmoja uliokubalika karibu kila mahali: mkondo wa umeme wa kati ya miliampea 4 na 20.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Tuchukue tangi la maji lenye kina cha mita 10. Likiwa tupu, kipimio hupeleka miliampea 4. Likijaa nusu, hupeleka 12. Likijaa kabisa, hupeleka 20. Sababu ya kuanzia 4 badala ya sifuri ni kwamba waya ukikatika, mkondo huwa sifuri, na mwendeshaji hutambua mara moja kwamba tatizo ni waya na si tangi tupu. Aidha, mkondo huo mdogo hutosha kukiendesha kipimio chenyewe, hivyo waya mbili hupeleka umeme na kuleta taarifa kwa pamoja.

Kasoro yake ilikuwa moja. Jozi ya waya ilibeba tarakimu moja tu. Kipimio hakikuweza kueleza ni cha aina gani, kilirekebishwa lini, wala kama kinaugua. Ili kujua hayo, fundi alipaswa kwenda penye kipimio, pengine juu ya mnara au kando ya bomba lenye mvuke wa moto.

Rosemount na HART

Jawabu lilitoka katika kampuni ya Rosemount. Ilianzishwa mwaka 1956 na wahandisi Frank Werner, Vernon Heath na Robert Keppel, waliotoka katika maabara ya anga ya Chuo Kikuu cha Minnesota iliyokuwa katika mji mdogo wa Rosemount, kusini mwa Saint Paul. Bidhaa zake za mwanzo zilikuwa vipimio vya joto kwa ajili ya ndege. Mwaka 1969 ilitoa kipimio cha shinikizo kilichojulikana kwa namba 1151, ambacho kilienea katika viwanda vya mafuta na kemikali. Kampuni ya Emerson iliinunua Rosemount mwaka 1976, na shughuli zake zimebaki katika viunga vya Minneapolis. Leo zina makao Shakopee.

Katikati ya miaka ya 1980, wahandisi wa Rosemount walibuni itifaki iliyopewa jina la HART. Jina hilo ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kipimio cha mbali chenye anwani katika njia kuu ya mawasiliano.

Waliazima mbinu kutoka kwa simu. Kampuni ya simu ya Bell ilikuwa na utaratibu wa kupeleka tarakimu za kompyuta kwa sauti mbili. HART ilitumia sauti hizo hizo: mitetemo 1,200 kwa sekunde kuwakilisha moja, na mitetemo 2,200 kwa sekunde kuwakilisha sifuri. Mawimbi hayo madogo yaliwekwa juu ya mkondo wa miliampea 4 hadi 20. Kwa kuwa wimbi hupanda na kushuka kwa kiasi sawa, wastani wake ni sifuri, na kipimo cha asili hakivurugiki.

Matokeo yake, waya zile zile za zamani zilianza kubeba mazungumzo mawili. Mkondo uliendelea kueleza kina cha tangi, na sauti zikaeleza jina la kipimio, mipaka yake, joto lake la ndani na dalili za ugonjwa wake. Kasi yake ni biti 1,200 kwa sekunde, ambayo ni ndogo mno ikilinganishwa na simu ya mkononi, lakini inatosha kwa maswali na majibu mawili au matatu kila sekunde.

Mwaka 1986 Rosemount iliifungua itifaki hiyo ili hata washindani wake waitumie. Mwaka 1993 umiliki wake ulikabidhiwa kwa taasisi huru, ambayo mwaka 2015 iliungana na taasisi nyingine na kuunda FieldComm Group. Uamuzi wa kuifungua, pamoja na ukweli kwamba haikumlazimu mwenye kiwanda kung'oa waya wake, ndio ulioifanya HART ienee katika makumi ya mamilioni ya vifaa.

Modbus na vita vya viwango

HART haikuwa peke yake. Mwaka 1979, kampuni ya Modicon ya Marekani ilitangaza itifaki ya Modbus, kwa ajili ya vidhibiti vyake vya viwandani. Katika Modbus, kifaa kimoja ni mkuu na vingine ni watumwa, kama wahandisi walivyoviita kwa miaka mingi. Mkuu huuliza, mtumwa hujibu. Kila mtumwa ana namba yake, kati ya 1 na 247, na kila amri ina namba: 3 ni kusoma thamani iliyohifadhiwa, 6 ni kuandika thamani mpya.

Wepesi huo uliifanya ipendwe. Mwanafunzi wa uhandisi anaweza kuielewa kwa siku moja, na mtengenezaji yeyote anaweza kuiweka katika bidhaa yake.

Katika miaka ya 1990 kulifanyika jaribio la kuwa na itifaki moja ya kimataifa ya vifaa vya kiwandani. Wajerumani walikuwa na Profibus, Wamarekani walikuwa na Foundation Fieldbus, na kila upande ulitetea wake. Mabishano yalichukua miaka mingi. Yalipomalizika, kiwango cha kimataifa kilichopitishwa kilikuwa na itifaki nane ndani yake. Kwa maneno mengine, hakuna aliyeshindwa, na hakukupatikana lugha moja.

Sekta nyingine zilijitafutia zao. Mashirika ya umeme ya Amerika Kaskazini yalitumia DNP3, iliyoanzia Calgary nchini Kanada mwaka 1993. Majengo makubwa yalipata BACnet mwaka 1995, inayoziunganisha boila, feni na viyoyozi.

Mwaka 2007 HART ilipata toleo lisilotumia waya, ambalo vipimio vyake hupokezana ujumbe kwa redio hadi kituoni. Mwaka 2021 ilitangazwa teknolojia ya Ethernet-APL, inayopeleka biti milioni 10 kwa sekunde kupitia waya mbili, hadi umbali wa mita 1,000, hata penye hatari ya mlipuko.

Nyumba isiyo na hodi

Katika mila za Waswahili, mgeni hupiga hodi na kusubiri aitikiwe kabla ya kuingia. Modbus ya asili haina hodi. Yeyote aliyeufikia waya na kutamka amri sahihi hutiiwa. Hakuna neno la siri, na ujumbe wenyewe husomeka na kila aliye njiani.

Hilo halikuwa na madhara makubwa wakati waya ulipoishia kwenye ukuta wa kiwanda. Tangu miaka ya 1990, hata hivyo, mitandao ya viwanda imekuwa ikiunganishwa na ile ya ofisi, ili mkurugenzi aone takwimu za uzalishaji mezani pake. Mitandao ya ofisi nayo imeunganishwa na intaneti. Nyumba iliyojengwa ndani ya ua ikajikuta imefungua mlango barabarani.

Mwaka 2010 kiligunduliwa kirusi cha Stuxnet, kilichoharibu mashinepewa za kurutubisha madini ya urani nchini Iran. Desemba 2016, wadukuzi walizima sehemu ya umeme wa mji wa Kyiv, Ukraine, kwa programu iliyoandikwa mahsusi kuzungumza itifaki za vituo vya umeme. Programu hiyo haikuhitaji kuvunja kitu. Ilitoa amri zile zile ambazo mwendeshaji halali angezitoa.

Tukio linalowagusa zaidi wakazi wa miji ya baridi lilitokea Lviv, magharibi mwa Ukraine, Januari 2024. Katika mji huo majengo mengi hupashwa joto kwa maji ya moto yanayotoka kwenye mtambo wa pamoja. Wadukuzi waliingia katika mtandao wa kampuni ya joto na kuvipelekea vidhibiti amri za Modbus. Zaidi ya majengo 600 ya makazi yalikosa joto kwa karibu siku mbili, hali ya hewa ikiwa chini ya sifuri. Kampuni ya usalama wa mitambo ya Dragos ilipoutangaza uchunguzi wake Julai 2024, iliipa programu iliyotumika jina la FrostyGoop.

Saint Paul ina mfumo unaofanana kwa umbile. Tangu mwaka 1983, kampuni ya District Energy imekuwa ikisambaza maji ya moto kwa mabomba ya ardhini kwenda katika majengo ya katikati ya mji, pamoja na makao ya bunge la jimbo. Habari za Lviv kwa hiyo haziwezi kuchukuliwa kuwa za mbali.

Siku Saint Paul ilipojizimia mtandao

Tarehe 25 Julai 2025, mafundi wa kompyuta wa mji wa Saint Paul walibaini shughuli zisizo za kawaida katika mtandao wao. Mji uliamua kuizima mifumo yake ya habari ili kuzuia madhara yasisambae. Meya Melvin Carter alitangaza hali ya dharura, na Julai 29 Gavana Tim Walz aliagiza kikosi cha usalama wa mitandao cha walinzi wa taifa kisaidie.

Huduma ya simu za dharura iliendelea, lakini malipo ya mtandaoni, yakiwemo ya bili za maji, yalisimama. Mji ulikataa kulipa kikombozi, na kundi la wahalifu likachapisha sehemu ya data iliyoibwa. Wafanyakazi wapatao 3,500 walitakiwa kufika wenyewe katika ukumbi wa Roy Wilkins kuthibitisha vitambulisho vyao na kupewa maneno mapya ya siri.

Shambulio hilo lililenga kompyuta za ofisi. Lakini lilionyesha kwa nini wataalamu husisitiza utengano: mtandao unaotoa bili ya maji usiwe ndio unaofungua vali ya maji. Pale viwili hivyo vinapotenganishwa barabara, mji unaweza kushindwa kupokea malipo huku wakazi wake wakiendelea kunywa maji safi.

Kenya ilipata somo la aina hiyo Julai 2023, tovuti ya serikali ya eCitizen ilipozidiwa na mashambulizi. Wananchi walitatizika kupata huduma nyingi, pamoja na kununua tokeni za umeme.

Tokeni: itifaki mikononi mwa wananchi

Watu wengi wa Afrika Mashariki wameitumia itifaki moja ya mitambo kwa vidole vyao bila kujua jina lake. Tarakimu 20 anazobonyeza mteja wa LUKU nchini Tanzania, wa Yaka nchini Uganda au wa mita za kulipia kabla nchini Kenya ni ujumbe wa itifaki ya STS, iliyoanzia Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990.

STS ilibuniwa kwa fikra tofauti na Modbus. Mita iko nyumbani kwa mteja, mbali na macho ya shirika, na mteja ana kila sababu ya kujaribu kuidanganya. Kwa hiyo kila tokeni imefungwa kwa siri inayofahamika na mita moja tu. Tokeni ya jirani hukataliwa, na tokeni iliyokwisha kutumika haikubaliki mara ya pili.

Ili kutambua tokeni iliyotumika, mita huhesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilikuwa biti 24, yaani dakika 16,777,216, ambazo zilifikia ukomo tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo sababu kabla ya tarehe hiyo mashirika ya umeme yaliwataka wateja kubonyeza tarakimu za ziada kabla ya tokeni yao ya kawaida. Mita ambayo haikupewa tarakimu hizo isingepokea umeme mpya.

Zoezi hilo liliwafikia wateja hadi vijijini, na lilidhihirisha kwamba uamuzi mdogo wa mhandisi, wa kutenga biti 24, unaweza kumfikia bibi kizee mlangoni pake miaka 31 baadaye.

Kanda inayojenga

Suala hili litazidi kuwa na uzito katika kanda ya Afrika Mashariki. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, Tanzania, limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na mafuta yake mazito hayana budi kupashwa joto njiani ili yasigande. Miradi ya aina hiyo haiwezi kuendeshwa bila maelfu ya vipimio vinavyozungumza.

Tarehe 7 Juni 2016 Kenya ilishuhudia jinsi hitilafu ndogo inavyoweza kusambaa. Tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru na kuangukia transfoma. Transfoma ilijizima, mashine nyingine zikaelemewa na kujizima pia, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na nchi nzima ikakosa umeme. Tumbili alinusurika. Kilichofanywa na mnyama kwa bahati mbaya, mtu mwenye nia anaweza kukifanya kwa amri kupitia waya.

Kinga

Itifaki nyingi za zamani sasa zina matoleo salama. Modbus ilipata lake mwaka 2018, na DNP3 ina utaratibu wa kuthibitisha nani ametoa amri. Tatizo ni umri wa mitambo. Simu ya mkononi hubadilishwa baada ya miaka michache. Kidhibiti cha pampu kinaweza kufanya kazi miaka 25 au 30, na kukibadilisha ni lazima kusimamisha pampu.

Kwa sababu hiyo wataalamu hushauri hatua za kawaida zaidi: mitandao ya mitambo itenganishwe na ya ofisi; kidhibiti kisiwekwe wazi katika intaneti; maneno ya siri ya kiwandani yabadilishwe siku ya kwanza; orodha ya kila kifaa kilichounganishwa iwepo na iwe sahihi.

Hatua ya mwisho haihusu kompyuta kabisa. Tarehe 23 Desemba 2015, wadukuzi walipowakatia umeme wateja wapatao 225,000 nchini Ukraine, umeme ulirudi baada ya saa chache. Mafundi waliendesha magari hadi kwenye vituo vidogo na kufunga swichi kwa mikono, kwa sababu swichi hizo bado zilikuwa na mikono ya kushikwa, na wao bado walikumbuka jinsi ya kuitumia.